Bastola na Kiganja Kidogo: Mpini, Kifyatulio na Haki za Mnunuzi

Madhumuni ya somo hili

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita, wapo raia wanaomiliki bastola kwa leseni halali. Miongoni mwao ni mabroka wa madini, wamiliki wa maduara na mialo, na wafanyabiashara wa maduka makubwa ya Katoro na Masumbwe. Wapo wanaume, na wapo wanawake pia. Wengi huinunua bastola iliyopo dukani au hurithi silaha ya mzazi kwa taratibu za polisi, kisha hugundua kwamba kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio. Hapo huanza kutafuta fundi wa kuipunguza, kuilegeza au kuizungushia mpira.

Somo hili linamhusu mlaji huyo. Sisi tunaotoa kijitabu hiki hatuuzi silaha, wala hatumshawishi mtu kuinunua. Tunalotaka ni kwamba aliyeruhusiwa na sheria kuwa nayo asipoteze fedha kwa marekebisho yasiyomfaa, na asiigeuze bidhaa iliyokuwa salama kuwa hatari kwake, kwa jamaa zake na kwa wapita njia.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: shida ya kiganja kidogo kwa kawaida ni umbali. Ni umbali kati ya mgongo wa mpini na kifyatulio. Watu wengi hudhani shida ni uzito wa kifyatulio, hivyo hulipa fedha kulegeza kitu ambacho hakikuwa na kasoro, na umbali hubaki palepale.

Maneno tutakayotumia

Mpini ni sehemu ya bastola inayoshikwa na kiganja. Wengine huiita kitako. Mgongo wa mpini ni upande wake wa nyuma, unaokaa kwenye panda ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kifyatulio ndicho wengi wanachokiita triga. Fremu ni mwili wa bastola unaobeba mpini na kifyatulio, na kwa kawaida ndiko ilikochongwa namba ya silaha. Magazini ni kasha la risasi linaloingizwa ndani ya mpini.

1. Kwa nini bastola nyingi ni kubwa kwa viganja vidogo

Bastola nyingi zilizopo sokoni zilibuniwa kwanza kwa ajili ya askari, na askari wa nyakati hizo walikuwa karibu wote wanaume. Kwa vipimo vya Ulaya na Marekani, kiganja cha mwanamume kwa wastani kina urefu wa takriban sentimita 19, na cha mwanamke takriban sentimita 17. Tofauti hiyo yatosha kumfanya mmoja akishike kifyatulio kwa nyama ya kidole na mwingine akiguse kwa ncha ya ukucha.

Sababu ya pili ni magazini. Bastola ambayo risasi zake hupangwa safu mbili ndani ya magazini hubeba risasi nyingi, lakini mpini wake huwa mnene. Yenye safu moja hubeba chache na mpini wake huwa mwembamba. Mwenye kiganja kidogo anayechagua bastola kwa kuhesabu risasi tu hujinunulia mpini asioweza kuuzunguka.

Jambo hili si geni duniani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Jeshi la Marekani liliifanyia mabadiliko bastola yake ya M1911. Katika toleo la M1911A1 la miaka ya 1920, kifyatulio kilifupishwa, na chuma cha fremu nyuma ya kifyatulio kilichongwa pande zote mbili ili kidole kipate njia. Katika miaka ya 1990, Walther P99 ya Ujerumani ilitoka na migongo ya mpini inayoweza kubadilishwa. Mwaka 2010, Glock ya Austria nayo ilifanya hivyo katika toleo lake la nne: fremu isiyovishwa mgongo wa ziada ilipunguza umbali wa kifyatulio kwa milimita 2 kulinganisha na toleo lililotangulia. Milimita 2 ni kitu kidogo machoni, lakini kidoleni ni tofauti kubwa. Katika mifano yote hii, wabunifu walikabili ukubwa wa mkono kwa kugusa umbali na unene.

2. Jinsi ya kupima kabla ya kununua

Marekebisho yenye gharama ndogo kuliko yote ni kuchagua bastola inayokaa mkononi tangu dukani. Mwombe muuzaji akuruhusu kupima, na ufuate mpango huu.

(a) Muuzaji atoe magazini, avute nyuma sehemu ya juu ya bastola, na akuoneshe kwamba chemba haina risasi. Usiridhike na maneno yake; tazama mwenyewe, kisha gusa kwa ncha ya kidole. Mtutu uelekezwe mahali salama muda wote, hata baada ya kuhakikisha ni tupu.

(b) Shika mpini kwa mkono unaoutumia. Panda ya kidole gumba ikae juu kabisa kwenye mgongo wa mpini. Mtutu ulingane na kigasha chako, kana kwamba ni mfupa mmoja ulionyooka.

(c) Bila kuuzungusha mkono, lete kidole cha shahada kwenye kifyatulio. Katikati ya pingili ya kwanza ikae katikati ya kifyatulio, na kati ya kidole na fremu pawe na upenyo unaoonekana.

(d) Kwa gumba, jaribu kufikia kitufe cha kutolea magazini na kufuli ya usalama, kama ipo.

(e) Vuta nyuma sehemu ya juu wewe mwenyewe. Ikiwa ni ngumu, ishike kwa mkono mmoja kwa vidole vyote vinne na kiganja, kisha usukume mpini mbele kwa mkono wa pili huku kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Mara nyingi kinachokosekana hapa ni mbinu.

Ikiwa kidole kinafika tu baada ya kuuzungusha mkono pembeni, bastola hiyo ni kubwa kwako. Inapofyatuliwa, teke lake halitapokewa na kigasha. Litapokewa na kiungo cha gumba, na mtutu utaruka kando. Ikiwa kidole kinafika kwa ncha tu, kila unapovuta utausukuma mtutu upande mmoja, na risasi itakwenda usikokusudia. Katika soko lililosongamana watu, risasi iliyokwenda kando ina mtu wa kumpata.

Kwa makadirio ya nyumbani, chukua rula upime mkono wako kutoka kwenye panda ya gumba hadi katikati ya pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Nenda na kipimo hicho dukani, kikusaidie kulinganisha bastola kabla ya kuzishika.

3. Mpini: yanayofaa na yasiyofaa

Ikiwa bastola umekwisha kuwa nayo, anza na mpini. Hapa ndipo marekebisho huleta faida kubwa kwa hatari ndogo, maana mpini hauamui lini risasi itoke.

Yanayofaa. Kwanza, uliza kama bastola yako ilitoka kiwandani na migongo ya ziada. Wanunuzi wengi huiacha ndani ya boksi bila kujua kazi yake. Vaa ule mdogo kuliko yote, au uuache kabisa kama mtengenezaji ameruhusu. Pili, kwa bastola za chuma zenye vipande vya mbao au plastiki pembeni mwa mpini, vipo vipande vyembamba vinavyofungwa kwa skrubu zilezile. Tatu, kwa rivolva, yaani bastola ya gurudumu, mpini mkubwa wa mpira unaweza kubadilishwa kwa mpini mwembamba unaoacha wazi mgongo wa chuma. Badiliko hilo hukileta kiganja karibu na kifyatulio.

Yasiyofaa. Katika vijiwe vya mafundi wa Kahama na Geita si shida kupata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na kuuvisha kwenye mpini ni hila ya zamani ya kuzuia utelezi. Kwa mwenye kiganja kikubwa chenye jasho, mpira huo waweza kumsaidia. Kwa mwenye kiganja kidogo humdhuru, maana kila unene unaoongezwa nyuma ya mpini hukisogeza kidole mbali na kifyatulio. Isitoshe, mpira ukiteleza huziba kitufe cha magazini, au huibana kufuli ya usalama iliyo kwenye mgongo wa mpini katika baadhi ya bastola. Ikiwa tatizo ni jasho na vumbi la kiangazi, karatasi maalumu ya kukwaruza iliyo nyembamba hutosha, ibandikwe pembeni na mbele ya mpini tu.

Lisilofaa zaidi ni kuupunguza mpini wa plastiki kwa tupa au kwa chuma cha moto. Ukuta wa plastiki ni mwembamba, na nyuma yake pana nafasi ya magazini. Ukichongwa kupita kiasi hupasuka, magazini hubana, na dhamana ya mtengenezaji hufutika. Kazi hiyo ikigusa namba ya silaha, mwenye silaha amejiingiza katika kosa la jinai, hata kama nia yake ilikuwa njema.

4. Kifyatulio: pahali pa kusimama na kufikiri

Baadhi ya watengenezaji hutoa kifyatulio kifupi kwa ajili ya bastola zao, yaani chenye uso uliosogezwa nyuma kwa milimita chache. Kipande cha kiwandani, kilichotengenezwa kwa bastola ya aina hiyohiyo na kufungwa na fundi wa silaha mwenye leseni, ni marekebisho ya umbali na yanaweza kukubalika.

Kulegeza kifyatulio ni jambo jingine. Fundi hulegeza kwa njia mbili: kubadili springi, au kusugua nyuso za chuma zinazoshikana ndani ya mtambo. Tueleze kinachotokea katika kila moja.

Springi hafifu hupunguza nguvu ya kuvuta, lakini nyingine ndizo zinazoipa nyundo au pini nguvu ya kuipiga risasi. Zikilegea, bastola huweza kugoma kufyatua. Mwenye kuibeba kwa kujihami atalijua hilo siku mbaya kuliko zote.

Kusugua ni hatari zaidi. Nyuso zile mara nyingi huwa na ngozi ngumu iliyo nyembamba sana. Tupa ikiiondoa, chuma laini cha ndani hulika kila bastola inapotumika. Siku ya kwanza mwenyewe husifu ulaini. Baada ya miezi, nyuso hazishikani tena, na bastola inaweza kufyatuka kwa kuangushwa au kwa kufungwa kwa kishindo tu, bila kidole kugusa chochote.

Hata viwanda vikubwa hukosea katika hesabu hizi. Mwezi Agosti 2017, kampuni ya Sig Sauer ilitangaza kuifanyia marekebisho bila malipo bastola yake ya P320, baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani iliweza kufyatuka. Miongoni mwa marekebisho ilikuwa kuweka kifyatulio chenye maungo mepesi zaidi. Ikiwa wahandisi wenye maabara walipitwa na jambo kama hilo, fundi mwenye tupa na jiriwa hana njia ya kuliona.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kifyatulio kizito ndicho salama siku zote. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walitakiwa kutumia kifyatulio chenye uzito wa takriban pauni 12, yaani zaidi ya kilo 5, wakati bastola ileile kutoka kiwandani huvutwa kwa takriban kilo 2.5. Mwezi Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walimfyatulia risasi mtu aliyekuwa ametoka kuua, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi zao na vipande vyake. Wakosoaji wengi walikitaja kifyatulio kizito miongoni mwa mambo yanayoharibu shabaha. Funzo letu ni kwamba uzito uliowekwa na kiwanda ulipimwa pamoja na mtambo mzima, na kuuvuruga kwa upande wowote kuna gharama.

Kuna habari njema. Kidole kinachofika vizuri huvuta kwa nguvu yake yote, na kinachofika kwa ncha huvuta kwa nguvu kidogo tu. Kwa hiyo mtu akirekebisha mpini na kuupunguza umbali, kifyatulio kilekile ambacho jana alikiona kizito leo hukiona chepesi, ingawa hakuna springi iliyoguswa. Fanya hivyo kwanza. Kisha jizoeze kuvuta, bastola ikiwa tupu na chini ya mkufunzi, na uimarishe vidole kwa kuminya mpira mdogo kila siku. Wengi huishia hapo bila kuhitaji fundi.

Kuna sababu nyingine ya kukiacha kifyatulio kilivyo. Nyumbani mwako huenda kuna kidole kidogo kuliko chako. Kifyatulio kilicholegezwa kwa ajili ya mama kimelegezwa kwa ajili ya mtoto pia.

5. Sheria, na haki zako kama mlaji

Umiliki wa silaha Tanzania huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usajili wake uko chini ya Jeshi la Polisi. Leseni yako ni ya silaha moja iliyotajwa kwa namba yake, na jukumu la kuitunza ni lako. Usimwachie mtu asiyeruhusiwa na sheria, hata kwa usiku mmoja. Usukumani kuna wahunzi hodari ambao mikono yao haishindwi na chuma, lakini uhodari si leseni. Anayekarabati silaha awe ameruhusiwa kufanya kazi hiyo. Kabla ya marekebisho yoyote yanayozidi kubadili mgongo wa mpini wa kiwandani, uliza kwanza katika kituo cha polisi cha wilaya ilikosajiliwa silaha yako. Mlinzi wa kampuni asibadili chochote: silaha ni ya mwajiri, naye ndiye anayewajibika kumpatia inayomfaa.

Unaponunua silaha, kipuri au huduma ya fundi, wewe ni mlaji kama mnunuzi wa bidhaa nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakulinda dhidi ya udanganyifu, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Kwa hiyo:

- Dai risiti ya mashine ya EFD inayotaja aina ya kipuri na jina la mtengenezaji.
- Kataa kipuri kisicho na kasha, alama wala maelezo, hata kikiwa cha bei nafuu.
- Mwombe fundi aandike alichobadili na tarehe, kisha atie sahihi.
- Dai vipuri vyako vya awali. Ni mali yako, na ndivyo vitakavyoirudisha bastola katika hali yake ya kiwandani ukihitaji.
- Usiibebe bastola iliyorekebishwa kabla haijajaribiwa na fundi au mkufunzi mahali palipoidhinishwa.

Ukiuziwa kipuri bandia, unaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti yako. Ukigundua kwamba fundi hana leseni, toa taarifa polisi.

6. Kabla ya kutegemea bastola

Mwenye kubeba fedha na dhahabu ana njia nyingine za kujilinda, na nyingi ni nafuu kuliko marekebisho tuliyoyaeleza. Tangu mwaka 2019 kumekuwa na masoko ya madini Geita, Kahama na kwingineko, ambako dhahabu hupimwa na kuuzwa mahali penye ulinzi. Malipo ya benki na ya simu huondoa haja ya kutembea na mabunda ya noti kutoka Nyarugusu hadi mjini. Kubadili saa na njia ya safari, kufuatana na mwenzako unayemwamini, na kutotangaza biashara yako kijiweni ni kinga zisizohitaji kipimo cha kiganja. Katika dharura, namba ya polisi ni 112.

Bastola isiyobebwa ifungiwe ndani ya kasha la chuma, na risasi zitengwe na kufungiwa kwingine. Chini ya mto si mahali pa kuhifadhia silaha.

Muhtasari

Pima kabla ya kununua. Ukiwa umekwisha kununua, rekebisha mpini kwa vipande vya kiwandani, uupunguze umbali. Kifyatulio kiache katika uzito kilichotoka nao kiwandani. Kikihitaji kufupishwa, kiwe kipuri halisi mikononi mwa fundi mwenye leseni. Tunza risiti, maelezo ya fundi na vipuri vya awali.

Maswali ya kujipima

1. Ukiishika bastola tupu huku mtutu ukilingana na kigasha, je, pingili ya kwanza ya kidole cha shahada inakaa katikati ya kifyatulio?
2. Kwa nini mpira wa baiskeli humwongezea shida mwenye kiganja kidogo?
3. Taja madhara mawili ya kusugua nyuso za mtambo wa kifyatulio.
4. Bastola yako ilikuja na migongo mingapi ya mpini, na iko wapi leo?
5. Ni nani nyumbani mwako anayeweza kulifikia kasha la silaha, na ufunguo wake anautunza nani?